Shujaa Aliyemmeza Mtunzi: Maisha na Kazi za Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges

Utangulizi

Neno mtunzi katika Kiswahili halibagui. Atungaye shairi ni mtunzi, atungaye wimbo ni mtunzi, na hata bibi akaaye barazani akitunga shanga uzini anatenda tendo lilo hilo. Sababu yake ni ya kihistoria. Ushairi wetu wa jadi ulitungwa ili uimbwe, na mpaka baina ya beti na mahadhi haukuwekwa na watunzi wenyewe bali na sisi wahakiki, tuliozoea kuusoma kimya kimya katika diwani zilizopigwa chapa. Ni kwa msingi huo tunathubutu, katika jarida la idara ya fasihi, kumjadili mtu ambaye kazi zake zilizobaki ni za muziki, na ambaye hakukanyaga pwani ya Afrika Mashariki wala hatujui kama aliwahi kusikia habari zake.

Mtu huyo ni Joseph Bologne, aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Chevalier de Saint-Georges. Alizaliwa katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1745, akafariki Paris mwaka 1799. Aliishi katika kipindi ambacho wanamuziki wa Ulaya hukiita cha urasimi, kipindi cha Haydn na Mozart. Majina hayo mawili humfikia hata mtu asiyejali kabisa muziki wa aina hiyo. La Saint-Georges limeanza kurejea midomoni mwa watu miongo ya karibuni tu, na linaporejea huja limeandamana na hadithi yake, wala si na kazi zake. Hapo ndipo penye tatizo linalotushughulisha katika makala haya. Tunadai kwamba maisha ya Saint-Georges yamesimuliwa mara nyingi mno na kwa ladha tamu mno, hata yakageuka visakale, na visakale hivyo vikamla mtunzi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili na Wafaransa. Fumo Liyongo wa mapokeo ni shujaa na pia ni mshairi. Tunazo tungo kadha wa kadha zinazonasibishwa naye. Lakini mwulize mwanafunzi wa shule ya upili Liyongo alikuwa nani. Atakueleza habari za nguvu zake, tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, sindano ya shaba aliyodungwa kitovuni na mwanawe, na maiti iliyopiga goti kisimani na uta mkononi. Hatakuimbia hata mshororo mmoja. Isitoshe, katika kisa chenyewe ngoma ya gungu, ambayo ndiyo sanaa ya Liyongo, inafanya kazi moja tu: kufunika sauti ya tupa inayokata pingu. Muziki umekuwa kelele ya kumficha shujaa anapotoroka. Naomba msomaji aiweke picha hiyo akilini, kwa maana tutaikuta tena.

Maisha kwa muhtasari

Baba yake, George de Bologne, alikuwa tajiri wa mashamba huko Guadeloupe. Mama yake, Anne aliyeitwa Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Sheria iliyotawala makoloni ya Ufaransa, ile iliyoitwa Code Noir ya mwaka 1685, ilimhesabu mtumwa kuwa mali, na mtoto alifuata hali ya mama. Baba hakumtupa mwanawe. Mwaka 1753, kijana akiwa na umri wa miaka 7, alipelekwa Ufaransa asome, na miaka miwili baadaye Nanon naye alikuwa Paris. Akiwa na miaka 13 aliingizwa katika chuo cha upanga cha bwana La Boëssière. Huko alijipatia sifa kwa kumshinda Alexandre Picard, mwalimu wa upanga kutoka Rouen aliyemkejeli kwa rangi yake. Baadaye akawa askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme, na hapo ndipo alipopata kuitwa Chevalier. Cheo cha ukoo wa baba yake hakuweza kukirithi.

Mwaka 1769 aliingia katika okestra mpya ya Concert des Amateurs iliyoanzishwa na François-Joseph Gossec. Mwaka 1772 alijitokeza mbele ya hadhira kupiga fidla peke yake katika koncheto alizozitunga mwenyewe, na mwaka uliofuata Gossec alipohamia kwingine, Saint-Georges akakabidhiwa uongozi wa okestra hiyo, ambayo ilihesabiwa miongoni mwa zilizo bora Ulaya. Ilipovunjika mwaka 1781 kwa kukosa fedha, wanamuziki wake walijikusanya tena chini ya chama kilichojulikana kama Loge Olympique. Chama hiki ndicho kilichomwagiza Haydn simfoni 6 ambazo leo huitwa za Paris, yaani Na. 82 hadi 87. Ziliposikika mjini humo, kiongozi wa okestra alikuwa Saint-Georges.

Mwaka 1776 lilitolewa pendekezo kwamba awe mkurugenzi wa Opera ya Paris. Wasanii watatu wa kike wa Opera hiyo, Sophie Arnould na Rosalie Levasseur waliokuwa waimbaji, na Marie-Madeleine Guimard aliyekuwa mchezaji dansa, walimwandikia Malkia kwamba heshima yao haiwaruhusu kuwa chini ya amri ya chotara. Pendekezo likafa. Tukio hili hutajwa katika kila wasifu wake, nalo linastahili kutajwa. Ila tusisahau kwamba halikuwa fitina ya wanawake watatu tu. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1777, serikali ya mfalme ilipiga marufuku watu weusi na machotara kuingia Ufaransa, na Aprili 1778 ikaharamisha ndoa kati yao na wazungu. Barua ya wale watatu ilisema kwa sauti ya juu jambo ambalo sheria ilikuwa ikiliandaa kwa wino.

Mapinduzi yalipotokea alikuwa upande wa jamhuri. Mwaka 1792, kutokana na ombi la Julien Raimond, kiliundwa kikosi cha wapanda farasi cha watu weusi na machotara, naye akawa kamanda wake. Luteni kanali alikuwa Thomas-Alexandre Dumas, baba wa mwandishi wa riwaya Alexandre Dumas. Mwaka 1793 alishtakiwa, akavuliwa madaraka na kutiwa kizuizini hadi mwaka 1794. Alirejea katika muziki miaka ya mwisho ya maisha yake, akafariki Juni 1799.

Wasifu kama bunilizi

Nani alikuwa wa kwanza kumsimulia? Jibu lina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wasifu wa awali wenye uzito uliandikwa na mtoto wa mwalimu wake wa upanga, La Boëssière mdogo, naye akauweka mwanzoni mwa kitabu chake kuhusu sanaa ya upanga kilichotolewa mwaka 1818. Kwa hiyo chanzo chetu kikuu ni mpiganaji akiwasimulia wapiganaji habari za mpiganaji. Alimpenda rafiki yake na hatuna sababu ya kumshuku nia. Lakini kila msimulizi huona kile ambacho jicho lake limefunzwa kukiona.

John Adams, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, aliandika habari zake mwaka 1779 akiwa Ufaransa. Alimsifu kuwa mtu aliyekamilika kuliko wote Ulaya, akaorodhesha mambo anayoyaweza, tangu kupanda farasi hadi upanga na dansi. Muziki ulikuja mwisho. Adams hakuwa mhakiki wa muziki, lakini orodha yake ni ushahidi mzuri wa jinsi mtunzi alivyoonekana hata alipokuwa hai, mwaka ule ule alipokuwa akitoa kazi zake kwa wingi.

Kisha ikaja riwaya. Mwaka 1840 Roger de Beauvoir alitoa riwaya yenye jina la Saint-Georges, na mwaka huo huo, kwa kushirikiana na Mélesville, akaleta jukwaani mchezo wa kuigiza juu ya mhusika huyo huyo. Riwaya si dhambi. Dhambi ni ya waandishi wa wasifu waliofuata, waliochukua bunilizi wakaiita historia. Athari yake mashuhuri ni ya nasaba: kwa kuchanganya jina la Bologne na la Boullongne, walimpa Saint-Georges baba asiyekuwa wake, waziri wa fedha wa mfalme Louis wa 15. Kosa hilo lilirudiwa kwa zaidi ya karne moja. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tunaijua kanuni hii ya shujaa, kwamba jamii humtafutia baba anayelingana na ukubwa wa matendo yake. Mmiliki wa mashamba wa Guadeloupe hakutosha. Nanon, kwa upande wake, hakuzidishiwa cheo, alizidishiwa uzuri. Katika masimulizi mengi yeye ni uzuri tu, hana neno la kusema.

Filamu ya Chevalier iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2022 imeendeleza mkondo huo. Inafunguka kwa tukio la kubuni, Saint-Georges akishindana na Mozart jukwaani kwa fidla mbele ya umati. Tukio lina msisimko, na wanafunzi wangu walilishangilia. Lakini tazama linavyofanya kazi. Fidla imeshikwa kama upanga, uta wake ni silaha, na muziki una maana kwa kuwa kuna mtu anayeshindwa. Ni gungu la Liyongo tena, ngoma inayopigwa ili tupa ikate.

Lakabu ya "Mozart mweusi"

Lakabu hii imebandikwa katika majalada ya santuri na mabango ya tamasha, na wanaoitumia aghalabu wana nia njema. Tuipinge kwa sababu mbili, ya kwanza ikiwa ya tarehe. Saint-Georges alimtangulia Mozart kuzaliwa kwa takriban miaka 10. Kwateti zake za kwanza zilipochapishwa mwaka 1773, Mozart alikuwa kijana wa miaka 17. Mozart alikaa Paris mwaka 1778, wakati Saint-Georges alipokuwa ameshaongoza okestra yake kwa miaka 5, na mwaka 1779 alitunga kazi yake maarufu ya fidla na viola, K. 364, katika utanzu ambao Paris ndiyo iliyokuwa makao yake. Gabriel Banat, mpiga fidla aliyeandika wasifu wa Saint-Georges uliotolewa mwaka 2006, amebainisha ufanano kati ya kifungu cha kazi hiyo na kifungu cha koncheto ya Saint-Georges iliyotangulia. Hatutaki kuigeuza lakabu tukamwita Mozart "Saint-Georges mweupe". Upuuzi haurekebishwi kwa kupinduliwa. Tunasema tu kwamba aliyekuja nyuma hawezi kuwa kipimo cha aliyetangulia.

Sababu ya pili ni ya kihakiki. Lakabu humsifu mtu kwa jina la mwingine, na kivumishi ndicho pekee kinachobaki kuwa chake. Tumewahi kuyasikia haya nyumbani, pale mhakiki anapodhani amempa Muyaka heshima kwa kumwita Shakespeare wa Mombasa. Muyaka anahitaji mtu wa kumweleza mizani yake, mafumbo yake na siasa za Mombasa ya Wamazrui. Hahitaji kuazimwa kanzu.

Kazi zenyewe

Basi tuzitazame kazi. Zilizobaki ni nyingi: kwateti 18 za ala za nyuzi katika mikusanyiko mitatu, koncheto za fidla zipatazo 14, simfoni mbili, tungo kadha za simfoni konsetanti, sonata, nyimbo, na opera moja iliyo kamili.

Zile kwateti 6 za mwaka 1773 ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kuchapishwa na mtunzi wa Ufaransa. Kila moja ina sehemu mbili, na sehemu ya pili aghalabu ni rondo. Umbo la rondo ni rahisi kulieleza kwa msomaji wa mashairi yetu: kuna kibwagizo. Lahani husikika, kikafuata kipande kipya, lahani ile ile ikarudi, kikafuata kingine, ikarudi tena. Katika shairi lililotungwa vizuri kibwagizo hakibadiliki maneno, lakini maana yake hubadilika kila kinaporudi kwa kuwa ubeti ulioitangulia umeongeza jambo. Saint-Georges anaifahamu siri hii vyema. Desturi yake ni kuanza na kibwagizo chepesi, cha kuchezeka, kisha katikati akaingiza kipande katika skeli ya maina, ile ambayo masikio mengi huisikia kuwa ya huzuni. Kibwagizo kinaporudi hakijabadilika hata noti moja, ila msikilizaji hawezi tena kukiamini kama alivyokiamini mwanzo.

Hata hivyo, mhakiki asiwe mpiga debe. Ukiziweka kwateti hizi kando ya zile 6 za Haydn za mwaka 1772, za Saint-Georges zinaonekana nyembamba. Haydn huchukua wazo dogo akalipindua, akalivunja, akalipitisha kwa kila ala hadi litoe yote lililo nayo. Saint-Georges akipata lahani nzuri huifurahia, akairudia, akapita. Hana subira ya ujenzi. Baadhi ya wapenzi wake wanaona kosa kulisema hili, kana kwamba mtu aliyetendewa dhuluma na wanawake watatu wa Opera hastahili kukosolewa na mtu yeyote. Kumnyima mtunzi ukosoaji ni kumrudisha katika orodha ya maajabu.

Uwezo wake mkubwa umo katika koncheto. Humo fidla inapanda hadi kwenye ncha ya juu kabisa ya nyuzi, mahali ambapo wapigaji wengi wa wakati ule hawakuthubutu kufika, na inaruka kutoka uzi hadi uzi kwa kasi inayohitaji kifundo cha mkono chenye utiifu wa ajabu. Banat ameihusisha mbinu hiyo na mazoezi ya upanga, na katika jina la kitabu chake ameviweka upanga na uta wa fidla pamoja. Hoja haina ubaya kama ni ya misuli. Tunachokataa ni kuifanya kuwa ya maana, kwamba kila noti ya haraka ni pigo la upanga. Jibu bora kwa dai hilo ni sehemu za polepole za koncheto hizo. Katika Largo ya koncheto ya pili ya mkusanyiko wake wa 5, iliyo katika A meja, hakuna mpiganaji. Fidla inaimba sentensi ndefu inayochelewa kufika mwisho wake, okestra ikiisindikiza kwa upole, na pale unapodhani imemaliza inakumbuka jambo jingine. Hapa hakuna wa kushindwa. Kama ningelazimika kuchagua ukurasa mmoja wa kumtetea, ningechagua huu.

Simfoni konsetanti ni utanzu ambao ala mbili au zaidi, hasa fidla mbili, husemezana mbele ya okestra. Wapenzi wa mashairi ya kujibizana watajihisi nyumbani: mmoja anatupa fumbo, wa pili analidaka, analifumbua na kulirudisha limebadilika kidogo. Saint-Georges alikuwa miongoni mwa waliolea utanzu huu Paris. Kwa masikitiko yake, kama tutakavyoona, aliwekeza katika shamba ambalo mvua yake ilikuwa karibu kukatika.

Opera na suala la nafsineni

Kwa mwanafasihi sehemu hii ndiyo yenye kiini. Opera ya kwanza ya Saint-Georges, Ernestine, ilichezwa Paris Julai 1777. Maneno yake yaliandikwa na Choderlos de Laclos kutokana na riwaya ya Madame Riccoboni. Laclos huyu ndiye ambaye miaka 5 baadaye alitoa Les Liaisons dangereuses, riwaya ya barua isiyo na huruma, mojawapo ya kazi kuu za karne ile. Jukwaani hakufua dafu. Malkia mwenyewe alihudhuria; watu waliucheka mchezo, na usiku wa kwanza ukawa wa mwisho. Waliokuwapo waliusifu muziki na kuyalaumu maneno. Hapa tuna funzo dogo la ufundi: mwandishi mkubwa wa nathari si lazima awe mtunzi wa maneno ya kuimbwa. Laclos alihitaji wahusika wafiche nia zao ndani ya barua ndefu, ilhali muziki hauna subira ya barua ndefu.

Opera ya L'Amant anonyme, yaani mpenzi asiyejulikana, ilichezwa tarehe 8 Machi 1780 katika jumba la michezo la Madame de Montesson. Ndiyo pekee iliyotufikia ikiwa kamili. Msingi wake ni tamthilia ya Madame de Genlis. Kisa ni hiki: Valcour anampenda Léontine, mjane kijana aliyeapa kutoolewa tena. Kwa miaka 4 amekuwa akimpelekea barua na zawadi bila kutaja jina, huku hadharani akijifanya rafiki tu, tena rafiki anayeyabeza mapenzi. Ni mwandani wake, Ophémon, anayeijua siri. Kandokando yao kuna vijana wawili wa kijijini, Jeannette na Colin, wanaooana bila matatizo yoyote. Mwishoni Valcour anajitambulisha, naye Léontine anamkubali.

Usomaji unaotamalaki leo ni wa kitawasifu. Wasomao hivyo husema: tazama, mwanamume anayependa asiyeweza kujitaja, miaka miwili tu kabla, sheria ilikuwa imeharamisha ndoa kati ya watu kama Saint-Georges na wanawake wa Kizungu, Valcour ni Saint-Georges. Usomaji huu una mvuto, na tarehe zinaupa nguvu. Nakiri kwamba nami niliufundisha hivyo mwanzoni.

Siufundishi tena, na hizi ndizo sababu. Kwanza, nafsineni si mtunzi. Tunawakaripia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosema mshairi analia kwa sababu shairi linalia, kisha sisi wenyewe tunapofika kwa mtunzi mwenye maisha ya kusisimua tunaisahau kanuni. Pili, kisa hakikubuniwa na Saint-Georges. Ni cha Madame de Genlis, na katika kisa hicho Valcour anajificha kwa woga wa kukataliwa. Hakuna sheria inayomzuia. Siku anapolisema jina lake, kizuizi kinakwisha. Kwa Saint-Georges hali ilikuwa kinyume kabisa: jina lake lilijulikana na kila mtu, na kulitaja kusingeondoa lolote.

Tatu, na hili sijaona likitiliwa uzito wa kutosha, jumba lile lilikuwa la nani? Madame de Montesson alikuwa mke wa Duke wa Orléans tangu mwaka 1773, lakini ndoa yao mfalme aliiruhusu kwa sharti kwamba isitangazwe. Madame de Genlis alikuwa mpwa wake. Hadhira iliyokaa jumbani usiku ule ilikuwa mbele ya mwenyeji ambaye kila mmoja alijua ni mke wa nani na hakuna aliyeruhusiwa kusema. Kama mchezo ule ulikonyezea maisha ya mtu aliyekuwamo, mtu wa kwanza kuonwa na hadhira hakuwa kiongozi wa okestra. Siri iliyokuwa ikichezewa ni siri ya nyumba.

Je, sheria ya 1778 haina nafasi yoyote katika usomaji wetu? Inayo, ila si katika kisa. Tuitafute katika yale ambayo mtunzi aliyachagua mwenyewe, nayo ni muziki. Kisa kinaitwa kwa jina la Valcour, lakini Saint-Georges amempa Léontine nyimbo zilizo nzito kuliko zote. Mwanamume asiyejulikana anavutia, anachekesha, anapanga mipango. Mwanamke anayetakiwa aamue kama ampende mtu asiyemjua ndiye anayefikiri kwa sauti. Katika nyimbo zake ala hukawia, lahani hurudi nyuma, na mara nyingine furaha huingiwa na ile skeli ya maina tuliyoikuta katika rondo. Saint-Georges hakuutia moyo wake kwa anayejificha. Aliutia kwa anayepaswa kuamua. Kama msomaji anataka kuona humo kitu cha mtu aliyeishi maisha yake yote akingoja kukubaliwa au kukataliwa na wengine, sitamzuia. Angalau atakuwa amekisoma katika noti, wala si katika filamu.

Kusahauliwa

Inasimuliwa kwamba muziki wake uliangamizwa kwa makusudi baada ya Napoleon kuurudisha utumwa makoloni mwaka 1802. Kurudishwa kwa utumwa ni kweli, na huko Guadeloupe kulifanywa kwa damu nyingi chini ya Jenerali Richepance. Mtaa wa Paris uliokuwa na jina la jenerali huyo umepewa jina la Saint-Georges mwanzoni mwa karne hii, tendo ambalo hata mchoyo wa sifa atalisifu. Lakini ubaguzi peke yake hautoshi kueleza kimya kilichofuata. Giuseppe Cambini, Mwitalia, mweupe, aliyeishi Paris miaka ile ile na kutunga simfoni konsetanti zaidi ya 80, leo anajulikana na wataalamu tu. Gossec aliyeanzisha Concert des Amateurs hakuachwa mbali naye. Mapinduzi yaliwatawanya matajiri waliougharimia muziki huu, utanzu wa simfoni konsetanti ukafifia, na baada ya Beethoven masikio ya Ulaya yalitaka vishindo. Tofauti iliyopo ni hii: Cambini alisahauliwa mtu na kazi, ilhali Saint-Georges alisahauliwa kazi akakumbukwa mtu, mwenye upanga, farasi na mapenzi. Rangi yake iliingia hapo, katika kuamua ni kipi cha kukumbukwa.

Mwaka 2020, majumba ya michezo yakiwa yamefungwa kwa sababu ya maradhi, Opera ya Los Angeles iliionyesha L'Amant anonyme kupitia mtandao, na hivyo watu wengi wakaiona kwa mara ya kwanza. Anayetaka kuanza kumsikiliza Saint-Georges bila kujua neno la Kifaransa ana njia fupi zaidi. Ile simfoni ya pili katika mkusanyiko wake wa 11, iliyo katika D meja, ndiyo hiyo hiyo dibaji ya opera hii. Sehemu yake ya kati, ya polepole, imo katika skeli ya maina, na huchezwa kabla pazia halijafunguliwa, kabla Valcour hajatoka, kabla hatujamwona mtu yeyote.